Mtaa Ulioshonwa Kitambaani

Shangazi yangu alikuwa fundi cherehani mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake. Ukimpelekea gauni la kupanua, alikuambia kwanza upunguze kula. Mumewe alikuwa tarishi wa posta, na watu waliendelea kumwita Mzee Posta hata baada ya kustaafu. Mji ule aliujua kwa miguu. Presha ya macho ilipompofusha, akawa anakaa kwenye kiti cha sebuleni na kuuliza mji unaendeleaje, kama mtu anayeuliza hali ya ndugu mgonjwa.

Hapo ndipo shangazi alipoanza kutembea. Asubuhi akishafagia, anavaa raba, anachagua njia moja na kuifuata mpaka mwisho wake, bila kununua kitu wala kumtembelea mtu. Akirudi anaketi na sindano, anaishona ile njia kwenye kitambaa: barabara kwa mshono wa mnyororo, nyumba kwa nyuzi nene alizozirundika mpaka zikainuka, miti kwa mafundo. Mzee anawekewa kitambaa mapajani, anapitisha vidole. Hapa fundi baiskeli bado yupo? Yupo, shangazi anamjibu, na bado muongo. Wakati huo nilikuwa nakaa kwao, nafanya kazi saluni, na nilikuwa nawaonea wivu.

Kitambaa kimoja mzee alikipenda kuliko vyote. Kilikuwa cha mtaa wao wa zamani, walikopanga nyumba yao ya kwanza. Binti yao wa pekee alizaliwa katika nyumba ile, na akafia humo humo kwa homa kabla hajaanza shule. Picha yake hawakuwa nayo hata moja, kwa hiyo iliyobaki ni nyumba. Kila mara mzee aliomba shangazi apite tena kule aone kama kuna kilichobadilika, na kila mara shangazi alikwenda, akarudi, akaongeza kitu kidogo: kamba ya nguo, kizingiti kipya, maua ukutani.

Kumbe mtaa mzima ulikuwa umebomolewa kupisha barabara kuu. Mimi nilijua, majirani walijua, na shangazi alitufunga midomo wote kwa jicho lake tu. "Macho yameshakwenda," aliniambia siku moja jikoni. "Na nyumba nayo nimwambie imekwenda? Atabaki na nini?" Nikaendelea kumenya vitunguu.

Sasa akaja dada mmoja wa jumba la sanaa, aliyepita akaona vitambaa vimeanikwa kwenye kamba. Alikaa nasi mchana kutwa, akatueleza kwamba wako watu ambao sanaa yao ni kutembea mjini. Kazi yenyewe iko kwenye miguu, kitambaa ni ukumbusho tu. Shangazi akamwambia kama ni hivyo, msanii mkubwa ni mumewe, na mfadhili wake alikuwa posta. Tulicheka sana. Mzee peke yake hakucheka, maana lile neno lilikuwa limemwingia.

"Kama kazi yenyewe ni kutembea," mzee akasema baada ya mgeni kuondoka, "basi mimi bado sijaiona. Kesho nipeleke mtaani kwetu."

Shangazi alijaribu kila ujanja. Jua kali, goti linamuuma, kuna nguo ya mteja haijakwisha. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza viatu vyake viko wapi. Siku za mwizi ni arobaini, lakini huyu hakuwa mwizi, alikuwa mwanamke anayempenda mumewe, na nilimhurumia kuliko ninavyoweza kusema.

Tulikwenda watatu. Mzee alimshika shangazi bega, na yeye kipofu ndiye aliyekuwa akituongoza: kateni kulia, pandeni kidogo, sasa tutasikia mashine ya kusaga. Hatukusikia mashine, tulisikia malori. Shangazi akasimama. Mbele yetu kulikuwa na lami pana, na magari yakipita mfululizo. Mzee akanyoosha mkono kutafuta ukuta, na mkono ukabaki hewani.

"Lini?" akauliza.

"Mara tu macho yalipokwenda."

Nilidhani atamkaripia, na angekuwa na haki. Aliteremsha mkono, akageuza sikio kwenye yale malori.

"Kwa hiyo kila nilipokutuma, ulikuwa unakuja kusimama hapa peke yako. Halafu unarudi kunijengea."

"Ningefanyaje, Baba Kipusa?"

Kipusa ndilo jina walilomdekeza nalo mtoto wao. Miaka yote niliyokaa kwao sikuwahi kulisikia kinywani mwa yeyote kati yao.

"Mtoto tulimzika, kila mtu akalia kivyake," mzee akasema. "Mimi njiani na mkoba wa barua, wewe kwenye cherehani. Na nyumba yake nayo ukailie peke yako?"

Tuliporudi aliomba kile kitambaa na wembe. Alisema kama mtaa ni wa kuvunjwa, uvunjwe na mtu anayeujua. Vidole vyake vikatafuta nyumba ya kwanza, akasema ilikuwa ya nani na mwenyewe alikuwa mtu wa namna gani, ndipo akakata uzi. Akaenda hivyo nyumba kwa nyumba. Shangazi alikaa sakafuni karibu na miguu yake, akiokota nyuzi, na mara moja tu alimsahihisha, kwamba yule muuza mkaa alikuwa na wake wawili.

Ilipobaki nyumba yao, mzee akamnyooshea wembe. Shangazi akaupokea, akauweka chini, akasema hawezi. Mzee hakubishana naye. Alipapasa mpaka akaupata mkono wake, akauweka juu ya dirisha dogo la uzi, akamwuliza mtoto alikuwa akisimama upande gani akimsubiri baba arudi kutoka kazini.

"Huu," shangazi akasema, akalaza kichwa kwenye goti la mzee.

Nikatoka nje na kuwafungia mlango. Mtoto wao alikufa kabla mimi sijazaliwa, na ndiyo kwanza walikuwa wanamlilia pamoja.