Mfereji wa Gati

Wengine hukumbushwa ya utotoni na manukato. Mimi nimejaliwa kinyesi kibichi cha ng'ombe: kila wanawake wa hapa Susuni wanapokandika kuta nacho, namkumbuka dada yangu Gati.

Alikandika ukuta wa chumba chetu, ulipokauka akabandika kwa uji picha aliyoikata kwenye kalenda kuukuu. Mfereji wa Ulaya, maji yametulia kimya, miti imeyainamia. Ukiisogelea unaona madoa matupu ya rangi. Ukirudi nyuma mpaka mlangoni, maji yanatokea.

"Mchoraji wako ana makengeza," nilimtania. "Na watu kawasahau. Hakuna hata mmoja anayeteka maji!"

"Ndiyo maana naipenda."

Nilicheka. Nilikuwa mtoto wa kushinda jikoni, na mpaka leo safari yangu ndefu ni ya dukani. Ningejuaje kwamba mtu huchoka kuitwa? Gati, maji. Gati, kuni. Gati, mtoto analia.

Akaolewa huko Nyanungu. Ng'ombe wa mahari yake walipofika, niliruka zizini kama ndama. Haukupita muda baba akawatoa walewale, akamwolea kaka yetu Marwa. Kwetu Wakurya ndivyo mambo yaendavyo: dada anatoka ili kaka aingize mke.

Masika ya mwaka uliofuata yalipoanza Gati akarudi, jicho limevimba, kitenge kimechanika.

"Shikamoo, tata. Yule mwanaume ataniua."

Baba hakufoka, na hilo ndilo linaloniuma. Alimtazama mke wa Marwa, aliyekuwa akinyonyesha pale mlangoni, akasema taratibu, "Ng'ombe wako ndio huyu, mwanangu. Wakwe zako wakija kuwadai, nimrudishe kwao na mtoto?"

Mama aliinamia chungu.

"Basi nilale leo tu," Gati akasema.

Jioni ile alikaa kitandani, macho kwenye picha. Nikamuuliza kama anatafuta samaki. Hakucheka. Asubuhi baba akamsindikiza kwa mumewe. Hatukumwona tena, kilichokuja ni taarifa ya msiba wake.

Siku hizi shangazi hunisema: mwanaume mzima, huoi? Najibu kwamba naogopa kupikia watu wawili. Jibu lenyewe nawaambia ninyi tu: naogopa ng'ombe wangu wasije wakamfungia mtu njia ya kurudi kwao. Mimi nilidhani dada anatazama maji. Kumbe alikuwa ametafuta katika dunia nzima mahali pasipo na mtu wa kumrudisha, akapapata kwenye karatasi.