Vizibo vya Ukubwa Mmoja

Krasha ya kokoto ilikuwa upande wa kushoto ukitoka Nyakanazi kwenda Ngara, kwenye kilima ambacho leo kimebaki nusu. Barabara ilikuwa inajengwa, na mawe ya kilima kile ndiyo yaliyopondwa kuwa kokoto zake. Mimi nilikuwa msaidizi wa stoo, nagawa glavu, buti na makoti yenye mistari inayong'aa. Dada yangu alikuwa kwenye mkanda, ule mpira mpana unaobeba mawe kutoka kwenye meno ya mtambo hadi kwenye lundo. Yeye na wanawake wenzake walisimama pembeni yake kutwa nzima, wakichomoa mizizi na mabonge ya udongo yasiende na kokoto.

Stoo ilikuwa mbali kidogo na mtambo, na bado nilikuwa nikirudi jioni kichwa kinavuma. Dada alikuwa karibu kabisa na yale meno. Pale mtu hawezi kumwita mwenzake akasikia. Walielewana kwa mikono na macho, na jioni tukirudi kwenye chumba chetu cha kupanga, dada aliongea kwa sauti ya juu bila kujua, mpaka wapangaji wenzetu wakadhani tunagombana.

Yeye ndiye aliyenilea. Mama yetu alifariki kabla sijaanza shule, baba akawa mtu wa kwenda na kurudi, na dada akaacha masomo kijijini kwetu Kibimba ili mimi nisome. Kitu pekee alichokuwa nacho ambacho kilikuwa chake mwenyewe ni kwaya. Aliimba sauti ya pili, na umeme ulipokatika kinanda kikanyamaza, mwalimu wa kwaya alimtazama yeye. Alivuta sauti polepole, mdomo umefungwa, na wote wakaanzia hapo.

Kwa muda mrefu kampuni haikutoa kitu chochote cha kuziba masikio. Watu walijitafutia. Wengine walichovya pamba kwenye mafuta ya kula, wengine walichana sponji kwenye godoro kuukuu. Pamba ilikaa vizuri lakini kelele ilipita kama vile haipo. Sponji ya godoro ilimeguka, na mama mmoja wa mkandani ilibidi apelekwe zahanati kutolewa kipande kilichozama sikioni.

Baada ya hapo kampuni ilimleta ofisa wa usalama, kijana kutoka Dar es Salaam. Tulimwita Sefti kwa sababu ya neno lililoandikwa mgongoni mwa koti lake. Hakuwa mtu mbaya. Wiki yake ya kwanza alisimama mkandani kwa muda, akatoka anajishika masikio, akaja stoo kuniuliza kwa nini hakuna vizibo. Nikamwambia hatujawahi kuletewa.

Akamwita muuzaji wa vifaa kutoka Mwanza. Tulikaa kwenye banda la kulia chakula: Sefti, mimi wa stoo, dada yangu kwa niaba ya watu wa mkandani, na dereva wa kijiko, ile mashine kubwa inayochota mawe. Muuzaji akaweka mezani vifuko vya vizibo vya sponji, vile vya kutumia na kutupa. Kulikuwa na vya njano vilivyonyooka kama kipande cha penseli, vya rangi ya chungwa vilivyochongoka mbele kama risasi, na vingine vya aina hiyohiyo ya chungwa lakini vyembamba zaidi.

Dada alipoulizwa shida kubwa ya mkandani ni nini, alisema, "Ni kerere, baba. Inaingia mpaka kwenye meno."

Sefti alicheka. "Nyinyi watu wa Ngara na hiyo kerere yenu."

Dada hakucheka. Kihangaza ndicho alichozaliwa nacho, Kiswahili alikikuta shuleni, na hakukaa shuleni sana.

Muuzaji alijua kazi yake. Alitufanya tunawe mikono kwanza, akasema kizibo kikishikwa na mkono wenye vumbi kinapeleka vumbi sikioni. Kisha akatuonyesha. Unakiviringisha kati ya vidole mpaka kiwe chembamba, kisiwe na mikunjo. Unapitisha mkono wa pili juu ya kichwa, unavuta sikio kwenda juu na nyuma ili tundu linyooke, unakiingiza, halafu unakishikilia kwa kidole mpaka usikie kimejaa. Ukitaka kujua kama kimekaa, unafunika masikio yako kwa viganja. Kelele ikipungua sana ulipofunika, basi kizibo hakijaziba, toa uanze upya.

Tulitoka nje karibu na mtambo tukajaribu vyote. Vya njano vilikuwa vikali kuliko vyote. Muuzaji alisema namba iliyoandikwa kwenye kifuko ikiwa kubwa, kelele inayozuiwa ni nyingi zaidi. Sefti alivipenda kwa sababu hiyo. Lakini dereva wa kijiko alivitoa akatikisa kichwa.

"Hivi sivitaki," alisema. "Honi ya lori linalorudi nyuma siisikii kabisa. Nitakufa na masikio mazima."

Muuzaji akakubaliana naye. Akasema anayefanya kazi kati ya magari anahitaji kizibo kinachopunguza kelele kiasi cha kutosha, siyo kinachomfungia dunia.

Shida ya dada ilikuwa nyingine. Ana masikio madogo, matundu membamba. Kile cha njano kilimuuma, na alipoachia kidole kilirudi nje taratibu kama kinasukumwa. Cha chungwa kikubwa nacho kilitoka. Alipojaribu kile chembamba, alikishikilia, akaachia, kikabaki. Akafunika masikio kwa viganja, akafunua, akafunika tena.

"Hakuna tofauti," alisema. "Kimeziba." Kisha akatabasamu, kwa sababu alikuwa anasikia sauti yake mwenyewe ndani ya kichwa, nzito kama ya mwanamume. Sefti akampiga picha pale pale, kidole bado kiko sikioni.

Tukakubaliana vya chungwa, vikubwa na vyembamba, kila mtu achukue kinachomkaa. Sefti alisema ndivyo atakavyoandika kwenye oda ya kupeleka ofisi ya juu. Dada alirudi mkandani akiwaeleza wenzake kwa mikono, anawaonyesha ukubwa kwa vidole viwili.

Mzigo ulipofika niliufungua mwenyewe. Vilikuwa vya njano, vyote, na ukubwa ulikuwa mmoja. Nilifungua katoni moja baada ya nyingine hadi ya mwisho, nikidhani vyembamba vimewekwa chini.

Nilimpelekea Sefti kifuko kimoja mkononi. Alikitazama, akafuta uso. "Mimi oda niliipeleka kama tulivyokubaliana," alisema. "Ofisi ya juu imenunua hivi vingi kwa ajili ya vituo vyote. Ni sponji, itajibana."

"Kwa dada haikujibana. Uliona."

"Niliona."

Nikaenda kwa meneja. Alikuwa anakula, akanisikiliza huku anatafuna. Aliniuliza kabla ya hapo tulikuwa na nini. Nikasema pamba. "Sasa mna vizibo vya kiwanda," alisema. "Rudi stoo, wape watu."

Nikavigawa, ningefanya nini. Dereva alikuwa anavaa kimoja tu, upande mwingine anaacha wazi asikie honi. Wanawake kadhaa wa mkandani vilikuwa vinawatoka kama vilivyomtoka dada, na kwa kuwa mikono yao ilikuwa na udongo muda wote, kila walipovirudisha walirudisha na udongo. Dada alijaribu kuvipunguza kwa wembe. Sponji iliyokatwa ilikuwa na kingo za kukwaruza, ikaacha nafasi, na sikio moja likatoka usaha. Mwisho alirudi kwenye pamba yake, akawa anakiweka kile cha njano juu ya pamba ili wakipita wakubwa waone rangi.

Ile picha yake ilichapishwa kubwa na kubandikwa getini. Anatabasamu, kidole sikioni, na juu yake maneno ya kutuhimiza tulinde masikio yetu. Alikuwa anapita chini yake kila asubuhi.

Mabadiliko niliyaona chumbani kabla yeye hajakubali kuyasema. Nilikuwa nikimwita nikiwa nyuma yake, anaendelea kuchambua mchele. Sauti ya redio ilipanda siku hadi siku. Aliniambia kuna mlio kichwani, mwembamba, kama wa nyenje, na hauachi hata mahali pakiwa kimya. Halafu kwaya. Mwalimu wa kwaya alivumilia kwa muda, akamsogeza safu ya nyuma, na Jumapili moja baada ya ibada akamwita kando nikiwepo.

"Dada, pumzika kidogo," alimwambia. "Sauti inashuka bila wewe kujua, na wenzako wanakufuata wewe."

Dada akamwomba arudie. Yule mwalimu alilazimika kulisema jambo lile mara ya pili, kwa sauti kubwa, watu wakitoka kanisani.

Kisha ikaja gari la kupima masikio. Lilikuwa na kijumba ndani, unaingia, unavishwa vitu vya kusikilizia, na ukisikia mlio unabonyeza kitufe. Tulifurahi. Tulidhani sasa ukweli utaonekana na vyembamba vitaletwa. Dada alipotoka mle ndani aliniambia muuguzi alikuwa anamtazama kwa huruma kupitia kioo, huku yeye ameshika kitufe, bado anasubiri mlio uanze.

Walioonekana masikio yao yameharibika waliitwa kwa meneja, karibu wote wakiwa wanawake wa mkandani. Waliambiwa kwamba kwa usalama wao wenyewe hawawezi kuendelea kufanya kazi kwenye kelele, na kazi isiyo na kelele haipo. Mmoja alipouliza kosa lao ni nini, alijibiwa kwamba vizibo vilitolewa, mafunzo yalitolewa, na picha za mafunzo zipo. Dada hakusikia jibu hilo. Mwenzake alimweleza nje, kwa mikono, kama walivyozoea.

Jioni ile nilimkuta Sefti getini. Aliniamkia kwa unyonge, akasema ataongea na watu wa juu. Nilikuwa natazama picha iliyokuwa juu ya kichwa chake, dada yangu anatabasamu, na sikujua kama nimtukane huyu kijana au nimwonee huruma. Wiki chache baadaye alihamishiwa kituo kingine.

Mimi na dada tulipanda basi hadi Biharamulo mjini kumwona mama mmoja msaidizi wa sheria, tuliyeambiwa anawasaidia watu kama sisi bila kuwachosha. Alitupokea vizuri. Tulimwamkia, akatupa viti, akasikiliza yote, na alipoona dada anamtazama midomo akaanza kuongea polepole. Nilimweleza habari ya vya njano na vya chungwa. Nilimwekea vyote viwili mezani, cha njano cha stoo na kile chembamba alichojaribu dada, ambacho nilikuwa nimekihifadhi.

Alivigeuzageuza. "Ulipoanza kazi," alimuuliza dada, "walikupima masikio?"

"Hapana."

"Hakuna hata mmoja wenu aliyepimwa kabla?"

"Hakuna."

Akavirudisha mezani. "Basi watasema mlikuja hivyo. Watasema ni ugonjwa wa utotoni, ni uzee, ni redio. Tunaweza kuanza, sitawakatisha tamaa, lakini itakuwa ndefu na wao wana wakili."

Tulianza. Tulikwenda na kurudi mpaka wenzetu wa mkandani wakachoka mmoja mmoja, wakarudi mashambani kwao. Barabara ikaisha, mtambo ukafunguliwa vipande vipande na kupakiwa kwenye malori, ofisi zikabomolewa. Yule mama wa sheria alitupigia simu akasema sasa hata hajui ampelekee nani barua. Aliomba radhi kana kwamba ni yeye aliyefanya.

Kampuni iliniambia niende nao walikohamia. Nilikataa, na hilo ndilo jambo moja katika habari hii ambalo nikilikumbuka sioni aibu wala hasira. Sasa nina kibanda cha chakula pale Nyakanazi, kwa ajili ya madereva wa malori. Dada anaishi Kibimba, analima maharage, na msimu wa kazi shambani ukipungua anakuja kukaa nami. Simu hawezi kuzungumza, kwa hiyo najua amefika ninapomwona mlangoni na mfuko wake.

Mara ya mwisho alipokuja alikaa kumenya viazi akiwa ameelekea ukutani. Nilimwambia ageuke apate hewa. Akasema hapana, hapendi watu waone anavyowatazama midomo. Mteja mmoja, kijana wa lori, akapita nyuma yake akasema shikamoo. Akarudia. Kisha akanijia kaunta.

"Huyu mama yenu ana maringo. Namwamkia mara mbili hataki."

"Hasikii," nikamwambia.

Kijana aliona haya. Alirudi, akainama karibu na bega la dada, akapaza sauti kwa nguvu zake zote mpaka watu wa kibanda cha jirani wakageuka. Dada alishtuka, kisu kikamponyoka.

"Marahaba," alisema. "Lakini usinipigie kerere. Njoo mbele yangu uniamkie."

Kijana akazunguka akaja mbele, akasimama kati yake na ukuta, akamwamkia tena kwa sauti ya kawaida. Dada akamwitikia. Nikampakulia yule kijana chakula chake, nikaitua sahani kwa nguvu mpaka mchuzi ukamwagika mezani. Alidhani nimemkasirikia yeye.