Figo Moja na Kura ya Shamba

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha upasuaji, hapa Eldoret, Metroni alinisimamisha mbele ya sinki akaniambia ninawe mikono hadi viwiko. Nilipomaliza akasema, "Sasa anza tena. Hivyo ulivyonawa ni vya kwenda kula." Uhuru ulikuwa bado mchanga, nami pia. Nilikuwa nimetoka upande wa Ziwa na cheti cha unesi na Biblia aliyonipa baba. Namshukuru Mungu kwa ukali wa yule mama.

Baadaye nilihamishiwa wadi ya wanaume, chini ya daktari mkuu wa upasuaji, mtu mpole aliyeketi kando ya mgonjwa kabla ya kusema neno. Wakati huo hatukuwa na mashine za kuvunja mawe ya figo. Jiwe lilitolewa kwa kisu, kupitia ubavuni. Dogo, lililokaa mahali pamoja, halikututisha. Tuliogopa lile lililoota matawi kama tangawizi na kujaza figo yote, kwa maana kila tawi lilitaka kukatiwa njia yake, na kila njia ilimwaga damu.

Jiwe la namna hiyo alikuwa nalo Mzee Njoroge, kibarua kutoka Burnt Forest. Picha zilionyesha kwamba figo yake ya pili ilikuwa imeshakufa. Iliyobaki ni hiyo yenye jiwe, na mkojo wake ulikuwa na usaha.

"Tutangoja," daktari alimwambia. "Kwanza sindano, mpaka mkojo uwe safi. Nikikata sasa, uchafu utaingia kwenye damu, na utatufia jiwe likiwa limeshatoka."

Daktari alipoondoka, mzee akaanza kutafuta viatu vyake chini ya kitanda.

"Mzee, nyumbani kuna nini?" nikamuuliza.

"Sista, Jumamosi tunapiga kura ya shamba."

Yeye na wenzake walikuwa wamejiunga na kampuni iliyonunua shamba la mzungu. Vipande vilikuwa vichache kuliko watu. Ambaye hangekuwepo kuchukua kura yake, kikaratasi chenye namba ya kipande, kipande chake kingekwenda kwa mwingine.

Mkewe alifika na chupa ya uji, akasikiliza yote akiwa amesimama.

"Nitaenda mimi," akasema.

"Wewe? Kwa wale wazee? Watakuuliza bwana yako ako wapi."

"Nitawaambia analinda figo. Na wewe, Baba Wambui, ukitoroka hapa ufe, hilo shamba nitalima na mwanamume mwingine."

Wadi nzima ilicheka. Yeye pia alicheka, akishika ubavu, kisha akairudisha miguu kitandani.

Jumamosi hiyo hakula. Niliomba naye, kwa kifupi, maana hakuwa na nguvu za maombi marefu. Jioni mkewe aliingia na matope hadi kwenye vifundo vya miguu. Akaketi.

"Haya, sema."

"Iko kwa mteremko. Huko chini ni mawe tu."

"Lakini ni yetu?"

"Ni yetu."

Mzee alijifunika uso kwa blanketi. Wagonjwa wenzake wakageuka ukutani, kila mmoja kwa heshima yake.

Mkojo ulipokuwa safi, daktari alimpasua. Alitoa jiwe tawi baada ya tawi, akivilinganisha vipande na picha iliyotundikwa ukutani. Kimoja kidogo kilikuwa kimejificha ndani sana. "Hicho nakiacha," akasema. "Nikikifuata nitaua figo." Kisha ikawa zamu yetu manesi: kuangalia mrija, kunywesha maji, kugeuza mgonjwa. Mkojo ukatoka mwekundu, ukawa kama chai ya rangi, mwishowe ukawa maji. Mzee Njoroge aliishi kwenye mteremko ule hadi wajukuu walipomjia.

Sasa nimestaafu, nami namshukuru Mungu kwa kila kitanda nilichotandika. Vijana huniuliza ni kitu gani kilifanya upasuaji wa mawe makubwa ufaulu. Nawatajia ukubwa wa jiwe na matawi yake, usaha, hali ya figo ya pili, na mkono unaojua pa kuachia. Halafu nawaomba hivi: mgonjwa akikataa kungoja, msimwite mjinga. Vuteni kiti, mmuulize ni nani atakayemshikia kazi yake huko nyumbani.