Majina Manne Kwenye Dirisha la Komini

Juzi, katika foleni ya kuacha majina ya kizungu kama ilivyoamriwa, kwenye ofisi ya komini, yaani manispaa, hapa Panda, mzee mmoja, askari wa zamani, alimaliza kubadilisha lake. Akasukuma karatasi yenye majina mengine manne ya mababu, ya kuandikiwa watu wengine.

"Aba beko wapi, papa?" karani akauliza.

"Ni benzangu ba jeshi. Balikufa ku vita ya bazungu. Tulijitoa, mikono juu. Adui akafunga bazungu betu. Sisi beusi akatupiga masasi ya bunduki. Miye nilianguka chini yabo."

"Bafu hababadirishake majina."

"Mu kitabu ya jeshi beko 'beusi bane' tu."

Akainua mikono kuonyesha walivyosimama, asiishushe. Karani aliitazama, akafungua rejista.

Nikalisoma upya tangazo la serikali ukutani. Linataka kila mwananchi awe na jina la mababu. Halisemi lazima awe hai.