Wimbo Uliobaki Chini ya Barua ya Aabo

Redio kaseti yetu ilinuka moshi. Hooyo, yaani mama yangu, alikuwa akiuza maziwa ya ngamia sokoni Garissa, na vyombo vyake, alivyovifukiza ili maziwa yasiharibike haraka, alivipanga juu ya meza ileile ya redio. Hata leo nikinusa maziwa yenye moshi, masikio yangu husubiri mkanda uanze kukwaruza. Siku hizo sisi Wasomali hatukuhangaika na kuandika barua. Aliyekuwa mbali alijirekodi kwenye kaseti, akampa msafiri, na kaseti ikifika nyumba nzima ilikaa chini kusikiliza, majirani nao wakiwemo. Kwa hiyo mwanamume hakuweza kumwambia mkewe neno tamu hata moja, maana mama yake mzazi alikuwa amekaa palepale anasikiliza.

Aabo, baba yangu, alikuwa amekwenda kufanya kazi Uarabuni, na kwa zaidi ya mwaka hatukusikia lolote kutoka kwake. Abti, kaka yake Hooyo, akaja kutoka Balambala amefura kwa hasira. Alisema Ijumaa baada ya swala angetuchukua sote turudi kwao, na ndoa hiyo iishe. Hooyo hakubisha. Alianza kufunga vyombo, nami nikawa nalia nyuma ya nyumba nisionekane. Nilimtaka baba yangu. Siku ya Jumanne kaseti ikafika.

Aabo alisalimia kila mtu. Aliwaulizia ngamia mmoja mmoja kwa majina, akamwombea afya Ayeeyo, mama yake, akasema kazi ipo, alhamdulillahi. Hooyo alitajwa mara moja tu, katikati ya msururu wa salamu. Habari za kurudi hazikutajwa kabisa. Kisha sauti ikakatika, mkanda ukakwaruza, na ghafla mzungu akaanza kuimba kwa Kiingereza, gitaa likimfuata polepole.

"Huyo namjua," alisema Mama Mwende, jirani yetu Mkamba, ambaye kwa ajili yake tulikuwa tukizungumza Kiswahili. "Ni wa rokenroli ya zamani. Zile zake za kurukaruka ni kelele tupu, lakini akiimba za mapenzi, wacha tu!"

Ayeeyo alikunja uso, akauliza kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kisomali: "Huyu nalia nini? Ngamia yake imebotea?"

"Analilia mwanamke, Ayeeyo."

"Kwani hana wazee ya kutuma?"

Habari zikaenea, na kwa siku mbili wauza maziwa wenzake Hooyo walipitia kwetu kumsikiliza. Mmoja alisema ana sauti ya mtu aliyelelewa kwa asali. Mwingine aliona anarudia jambo lilelile mno, kana kwamba huyo mwanamke ni kiziwi. Wengi walikubaliana kwamba gitaa limpishe. Ayeeyo aliwacheka wote, lakini siku ya Alhamisi nilimsikia akisema, "Hebu washa ile mzungu yangu." Hooyo peke yake alisikiliza ameinamisha kichwa, vidole vyake vikicheza na upindo wa shela, na nikatambua alichokuwa akikifikiria: kwamba Aabo, asiyeweza kusema mbele ya mama yake, ameuacha wimbo umsemee.

Jioni hiyo aliniita jikoni. Nilikuwa darasa la tano, msomi wa nyumba. "Anasema nini huyu mtu?" aliniuliza kwa Kisomali. Nilikuwa nimeelewa maneno mawili tu, mapenzi na nyumbani. Nikavitazama vyombo vilivyofungwa. "Anasema umngoje," nikajibu. "Anasema atarudi nyumbani." Sikuona haya hata kidogo.

Ijumaa Abti alipofika na gari, Hooyo alimkaribisha chai, akamwambia mumewe ametuma neno. "Neno gani?" Hooyo akaanza kufungua vyombo alivyokuwa amevifunga. Abti aliondoka bila sisi, na kwa miezi mingi hakumsemesha dada yake.

Aabo alirudi mvua za mwaka uliofuata. Ayeeyo hakumpa nafasi hata ya kuvua viatu, akaanza kumtania juu ya mzungu wake anayelia. "Wimbo gani?" Aabo aliuliza. Ile kaseti aliinunua kuukuu kwa mwenzake kazini, akajirekodi juu ya nyimbo zilizokuwemo, wala hakuwahi kuisikiliza hadi mwisho. Hooyo akammiminia chai. "Ni wimbo tu," akasema.

Ukubwani nimeusikia tena, Kiingereza changu kikiwa kimekomaa. Yule mzungu anaaga. Harudi popote. Sijamwambia Hooyo, na sitamwambia.

Siku hizi mdogo wangu yuko ng'ambo, na kila asubuhi hutuma ujumbe wa sauti kwenye simu, dakika haifiki. Humwambia Hooyo anampenda, waziwazi, hata tukiwa tumejaa sebuleni, na hakuna anayeshtuka. Mambo yamekuwa mepesi, nami nafurahi. Lakini sauti ya mwanawe ikinyamaza, Hooyo huisogeza simu sikioni.

"Hooyo, imeisha," namwambia.

Ananinyamazisha kwa mkono. "Ngoja," anasema.