Anasema Kona Imemshinda, na Mimi Nimemwona Akiifuma

Wakubwa wote mnaosoma ukurasa huu, shikamooni. Jina langu lifichwe, maana huku Nyakasimbi tunajuana mpaka kwa kikohozi. Nina miaka ishirini, shule niliiacha darasa la tano, au tuseme yenyewe iliniacha. Sura ninayo, kimo ninacho, na kwa kufuma mapindo ya vitambaa sijaona wa kunifikia kuanzia hapa mpaka Bugene. Mnacheka? Chekeni, kisha mkaangalie vitambaa vya makochi yenu vilivyojikunja pembeni kama majani ya mgomba yaliyokauka.

Kufuma nilifundishwa na dada yangu nilipovunjika mguu. Vijana wenzangu wakaniita Mama Kroshia. Nikawajibu, "Niiteni mtakavyo, ila dada zenu ndio wanaonifuata." Pindo langu linaitwa chane, kwa sababu linakaa kama chane za ndizi zilizopangwa ukingoni. Unaingiza sindano kwenye tundu moja, unavuta nguzo kadhaa, yaani vile vifundo virefu vya uzi vinavyosimama, zitokee hapo hapo, unafunga, unaruka, unaanza nyingine. Ukikaza sana, kitambaa kinajikunja. Ukilegeza, kinayumba. Kazi yenyewe iko kwenye kona: lazima uongeze nguzo ili uzi ukubali kugeuka. Hapo wengi hulia.

Sasa jirani yetu mmoja, nimwite Mama Koku, binti yake amechumbiwa na kijana mwenye duka Bugene. Kwetu kabla ya harusi shangazi za bwana huja kuona kazi za mikono za bibi harusi. Wanavitandika vitambaa juu ya mkeka, wanavigeuza nyuma na mbele, halafu wanamwambia binti, "Haya, fuma tuone." Akishindwa, wanaondoka wanacheka njia nzima. Kwa hiyo Mama Koku akaja kwetu akaniambia, "Mwanangu, mfundishe dada yako Koku lile pindo lako."

Dada yangu! Wasomaji, mimi huyo binti nimempenda tangu tukianika kahawa pamoja. Sikuwahi kumwambia. Mdomo wangu huu unaowasumbua watu sokoni, mbele ya Koku unakauka.

Nikaenda. Kila jioni tunakaa barazani, mama yake anamenya ndizi pale pale. Koku anafuma vizuri upande mmoja, akifika kwenye kona anasimama. "Fundi, imenishinda tena." Anafumua. Namwelekeza, namshika kidole kidogo tu, mama anakohoa, naachia. Kesho yake hivyo hivyo. Nikaanza kumtania: "We Koku, hata mbuzi wenu angeshajua." Anacheka, anafumua.

Juzi nikawahi kufika, nikapitia kibanjani, kwenye migomba yao. Nikamkuta nyuma ya jiko, amenipa mgongo, anafuma huku anaimba chini chini. Akafika kwenye kona. Hakusimama. Akaongeza nguzo, akageuza, akaendelea, chane zimekaa safi kuliko za kwangu, na hilo silisemi kwa mtu yeyote ila nyie. Halafu akaushika uzi akauvuta, pindo lote likafumuka mpaka mwanzo. Nikakohoa. Akashtuka. "Umefika saa ngapi?"

"Sasa hivi."

Jioni ile ile mbele ya mama yake: "Fundi, kona imenishinda." Akaniangalia kidogo, akainamisha macho.

Mama yake alipoingia ndani nikajikaza. "Koku, ile kona haikushindi."

"Kazi yako kufundisha, fundi," akanijibu, akanichoma goti kwa sindano. Taratibu. Sasa hiyo ndiyo nini? Koku hamtaki yule wa Bugene tu, au ananitaka mimi? Ama anangoja niseme kitu?

Jana mama yake akanisindikiza mpaka njiani. "Mwanangu, wewe hunifichi. Anaweza au hawezi? Kama hawezi, nampeleka kwa shangazi yake Bugomora akafundishwe huko mpaka wageni waje. Nami nisiaibike."

Nikajibu, "Nivumilie mama, kona ni ngumu." Akasema atanivumilia mpaka kahawa ikauke, zaidi hapana.

Nikisema anaweza, namkabidhi mwenyewe kwa mwenye duka. Nikisema hawezi, anapelekwa Bugomora, simwoni tena. Nikisema nilichokiona, kwamba anafumua makusudi, nitakuwa nimemsaliti mtu anayeficha ufundi wake kwa ajili yangu, kama kweli ni kwa ajili yangu. Nikimposa mimi mwenyewe, mama yule ataniuliza nina nini, nami nina mguu uliounga vibaya na sindano.

Kahawa iko uani kwao, jua linawaka kweli kweli, na mimi kila asubuhi natazama juu naomba mawingu. Nyie mnaojua mambo ya watu, niambieni: mama yule akiniuliza tena, nimjibu nini?