Mgomba wa Tetu Uliokwamisha Mashine ya Ukraine

Saa mbili asubuhi, baridi ya Nyeri bado imeng'ang'ania mabati ya Majengo, na Phyllis Wacera amepiga magoti mbele ya sanduku la mbao. Anang'oa msumari mmoja mmoja kwa mkia wa nyundo. Hana haraka. Kila msumari unaotoka anautia kwenye kopo la maziwa ya unga, maana hata misumari ya Ukraine, anasema, haipindi ovyo kama hii tunayouziwa hapa.

Anainua kifuniko. Ndani mna vipande vya chuma vilivyopakwa grisi na kuvikwa magazeti yenye maandishi asiyoweza kuyasoma. Anatoa bamba la ubavuni, lenye matundu kumi na mawili, analiegemeza kwenye fremu aliyoichomelea mwenyewe jana kwa chuma cha hapa hapa. Anatumbukiza bolti tundu la kwanza. Inaingia. La pili, inaingia. Anafika la kumi na mbili na nyundo bado iko chini.

Wacera anakaa kitako kwenye vumbi la chuma, anatikisa kichwa.

"Hii ni ya kumi na nane nafunga, na bado sijazoea," anasema. "Mtu ametoboa hii chuma mbali huko, hajawahi kuniona. Mimi nimetoboa yangu hapa. Halafu zinakutana hivi, kama zimezaliwa pamoja. Si hiyo ni ajabu?"

Mashine anayoifunga ni ya kukatia nyasi za ng'ombe. Visu, shafti na mabamba hutengenezwa Ukraine. Fremu, mdomo wa kulishia na kazi yote ya kufunga ni ya Majengo.

Mama huyu wa miaka 52 hakusomea ufundi mahali popote. Aliingia vibanda vya mafundi wa jua kali miaka ishirini na mitatu iliyopita akiwa na birika la chai na ndoo ya mandazi. Fundi mmoja alizoea kumwita amshikie chuma wakati wa kuchomelea. Akashika mwaka mzima. Siku moja fundi akaugua, na mwenye geti lililokuwa likitengenezwa akaja kulichukua. "Akaniuliza, si wewe ndio huwa unashika? Basi malizia."

Akamalizia. Geti hilo, anadai, lingali limesimama Ruring'u.

Kwa miaka mingi siku nzuri ilimpa shilingi mia nane, na siku mbaya ilimrudisha nyumbani na harufu ya moshi tu kwenye leso. Leso bado anaifunga hadi leo, juu ya suruali ya kazi. Siku hizi kila mashine anayoifunga humletea shilingi elfu nne na mia tano, na ameajiri akina mama wawili.

Lakini mashine hizi nusura zirudishwe zilikotoka.

Hadithi inaanzia mwezi wa Juni mwaka juzi, wageni wanne walipofika Tetu, nje ya mji wa Nyeri, kwenye chama cha ushirika cha wafugaji wa maziwa. Walikuja na mpango wa kuzitafutia soko biashara ndogo za Ukraine, ambazo vita vimezikatia wateja. Karakana thelathini na moja kutoka mji mmoja wa magharibi mwa nchi hiyo zilikuwa zimejipanga kama kitu kimoja. Moja inayeyusha chuma, nyingine inanoa visu, nyingine inapaka rangi. Peke yake hakuna inayoweza kuuza ng'ambo. Zikishikana, zinaweza.

Karakana ya mashine za nyasi ni ya mwanamke aitwaye Myroslava. Ilikuwa mashariki mwa nchi kabla ya vita kuisogelea. Wafanyakazi wake walifungua mitambo yao bolti kwa bolti, wakaipakia kwenye malori na kwenda kuanza upya upande wa magharibi. Walikuwa ishirini. Sasa ni kumi na wanne.

Makubaliano yalikuwa mepesi kuelewa. Mashine kumi zije kwa majaribio. Zikifanya kazi miezi mitatu bila matata, ushirika utachukua mia moja na ishirini kwa miaka miwili, na zote zitafungwa kwa Wacera. Zikishindwa, kila mtu arudi kwake. Myroslava alisema wazi kwamba bila oda hiyo angewaachisha kazi watu sita.

Kabla ya kuunda mashine, wageni walipita boma kwa boma na karatasi za maswali. Ng'ombe wangapi? Wanakula nini?

"Nepia," alijibu Gatimu, mwenyekiti wa ushirika, na kila mfugaji baada yake akasema vivyo hivyo. Nepia, yaani nyasi ndefu za kupandwa, na nyasi kavu kidogo. Wacera, aliyekuwa akiwasindikiza wageni kama fundi wao, alikuwa amesimama pale pale, mikono nyuma, akisikiliza.

Mashine kumi zikaja Februari na kufungwa kwa Wacera, kiangazi kikiwa kimekaza. Wiki ya kwanza, sifa tupu. Watu walitoka mbali, hata Kangema, kuja kutazama nyasi zikitoka zimekatwa sawasawa kama mboga ya mkahawa. Wiki ya tatu, simu ikalia.

"Wacera, kuja uone hii takataka yenu," Gatimu alisema.

"Yetu na nani, mwenyekiti?"

"Yako na hao Wazungu wako."

Mashine ya Gatimu ilikuwa imekwama, beringi imeungua, mota inatoa moshi. Kufikia Ijumaa zilizokwama zilikuwa nne. Ushirika ukaitisha mkutano wa Jumanne ya wiki iliyofuata kuamua kama mashine zote zirudishwe. Myroslava alipopata habari aliandika ujumbe mfupi: watu wake walikuwa wameangalia kila kipande mara tatu, na hawaoni kosa.

Wacera alipanda Tetu na spana zake. Alifungua mashine ya Gatimu kwenye uwanja wa nyumba, akatoa shafti, ule mhimili unaozungusha visu, akaikuta imevikwa kitu kigumu cha rangi ya kahawia, kimezungushwa na kukazwa kama kamba ya kufungia fahali. Akakata kipande kwa kisu, akakinusa.

"Mwenyekiti, ng'ombe wako anakula nini?"

"Si nilisema. Nepia."

Wacera aliweka kisu chini. Alizunguka nyuma ya zizi. Shamba la ndizi lilikuwa limefyekwa, visiki vimebaki vinatoa maji. Akarudi na ganda la mgomba mkononi, akaliweka juu ya mashine.

Gatimu, mzee wa miaka 67 na shemasi wa kanisa, alitazama pembeni.

"Wewe nawe," akasema. "Mgeni amekuja na kalamu kutoka Ulaya. Nimwambie ati ng'ombe ya mwenyekiti inakula mgomba?"

"Angeandika nini?"

"Angeandika maskini."

Kila mfugaji wa eneo hilo anajua kwamba kiangazi kikiuma, nepia ikikauka, ng'ombe hulishwa shina la mgomba. Lina maji, linashibisha, na linaokoa. Ila si jambo la kumwambia mgeni. Mtu humwonyesha mgeni nepia iliyosimama karibu na barabara. Kwa hiyo kule Ukraine walikuwa wameunda mashine ya nyasi, nzuri kweli, na nyuzi za mgomba zikaizunguka shafti yake hadi zikaifunga pumzi.

"Nilitaka kumcheka," Wacera anasema. "Halafu nikakumbuka mimi mwenyewe nilisimama pale, nikasikia nepia, nepia, na nikanyamaza. Yangu nyumbani ilikula mgomba hiyo miaka yote. Sasa kosa ni ya nani?"

Alikuwa na njia mbili. Angeweza kunyamaza tena, ushirika urudishe mashine, na lawama iende kwa watu wa mbali wasioweza kujitetea. Au aseme ukweli, na huenda Myroslava akachoka na watu waliomjazia uongo kwenye karatasi zake.

Alikwenda Nanyuki kwa Abdisalan. Huyu ni mfanyabiashara wa ng'ombe na ngamia, lakini miaka ya tisini alisomea udaktari wa mifugo Kharkiv, na lugha za huko hazijamtoka. Walikaa nyuma ya soko la mifugo, simu juu ya gunia la chumvi, sura ya Myroslava ikiwa kwenye kioo, amevaa koti zito ndani ya karakana. Umeme ulikuwa umekatika kwake. Siku hiyo waliupata kwa muda wa saa nne tu.

"Mwambie tulimdanganya," Wacera alianza.

"Fundi, polepole. Hata salamu?"

"Salamu utaweka wewe. Mwambie hapa kiangazi tunalisha mgomba, na tuliona aibu kusema."

Abdisalan alijikuna ndevu. Shina la mgomba kwa ng'ombe, alisema, hakuwahi kulitafsiri tangu azaliwe. Akasema maneno mengi, akionyesha kwa mikono. Upande wa pili kukawa kimya.

"Amekasirika, Daktari?"

"Sijui. Hawa wakikasirika wananyamaza. Wakifurahi pia wananyamaza."

Kisha Myroslava akazungumza kwa muda mrefu, na Abdisalan akaacha kutania. Alikuwa anasema kwamba hata yeye, wafadhili wa mpango walipomuuliza ana umeme saa ngapi kwa siku, aliandika nane. Aliogopa wangeona karakana ya saa nne haifai kusaidiwa. Watu wake wakalijaza pengo hilo kwa kuja kazini wakati wowote taa inaporudi, iwe saa tisa usiku, iwe Jumapili.

Wacera anasimulia hapo kwa sauti ya chini. "Hizi bolti nilikuwa nashangaa zinaingia bila nyundo. Kumbe kuna mtu ameamka kwa baridi, king'ora cha mabomu kimenyamaza saa hiyo tu, akakimbia kutoboa hii tundu kabla taa ipotee. Na bado ametoboa sawa. Mimi nikiwa na stima siku nzima, kuna siku nimetoboa vibaya."

Mgomba haukuweza kutumwa; mimea haipiti mipaka hivyo. Myroslava akatafuta mmea wa nyuzi ambao bibi zao waliuloweka mtoni ili kusokota kamba, akaulisha kwenye mashine ukiwa umelowa. Siku ya pili picha ikafika Majengo: shafti ya Ukraine, imevikwa kamba ile ile. Wacera aliitazama picha hiyo, anasema, hadi chai ikapoa.

Dawa aliifikiria yeye. Kwenye kona ya kibanda chake kulikuwa na springi kuukuu ya gari. Alikata kipande, akakinoa, akakifunga kwenye fremu kiwe kisu kisichozunguka, kimeikaribia shafti kwa nafasi ya unene wa ukucha. Uzi ukianza kujizungusha, kisu kinaukata. Kikiwa mbali zaidi, uzi unapita. Kikiwa karibu zaidi, kinakwaruza shafti. Alikiharibu mara saba.

Jumanne, badala ya mkutano, wanachama themanini na wawili walikusanyika kwa Gatimu. Mfugaji mmoja, Kihara, aliyekuwa ameongoza kelele za kurudisha mashine, alileta migomba mitatu minene kwenye mkokoteni.

"Tukilisha, tulishe vile tunalisha," alisema. "Leo hakuna nepia ya wageni."

Watu wakacheka, wengine wakiinama. Wacera akawasha mashine ya Gatimu, aliyoitengeneza upya na kuiwekea kisu kile. Alilisha mgomba wa kwanza, wa pili, maji yakimrukia usoni. Dakika kumi. Dakika ishirini, hapo ndipo ilipokwama ile mara ya kwanza. Mota haikubadilisha sauti. Mgomba wa tatu ulipokwisha, Kihara mwenyewe alizima, akachungulia ndani na tochi ya simu, akapitisha kidole kwenye shafti.

"Safi," akasema. Kisha akauliza kama yake inaweza kuwekwa kisu hicho kesho.

Ushirika ulipiga kura jioni hiyo hiyo, na mashine zikabaki. Miezi mitatu ilipotimia mkataba wa mia moja na ishirini ukatiwa saini, na nane za kwanza ndizo zinazofungwa sasa. Myroslava hakuachisha mtu kazi. Lililomshangaza zaidi Wacera ni ombi lililofuata: karakana ya Ukraine inataka visu mia mbili vya springi kutoka Majengo, viwekwe kwenye mashine watakazouza Uganda na kwingineko kwenye migomba. Wamejaribu kuvitengeneza wenyewe. Vyake, walimwandikia, vinashika makali zaidi.

"Chuma itoke kwangu iende kwa hao watu," anasema. Anafuta grisi mikononi kwa gazeti. "Mimi niliuza mandazi hapa."

Anapanga kuhamia kibanda kikubwa chenye umeme wa kutosha mitambo miwili, na kuwafundisha wale akina mama wawili kunoa visu mpaka wamshinde. Lakini kabla ya hayo kuna kazi nyingine. Wafugaji wa Kangema wameomba mashine, na safari hii Wacera ndiye atakayepita boma kwa boma na karatasi za maswali. Aliomba kazi hiyo mwenyewe.

Anajua watakachomjibu. Nepia.

"Kwa hivyo sitaanza na kuuliza," anasema. "Nikifika nitakaa chini, nikunywe chai yao, niwaambie yangu kwanza. Niwaambie kiangazi ya mwaka jana ng'ombe yangu ilimaliza mgomba, ikaingia kwa banda ikala godoro ya majani nilikuwa nalalia. Wakimaliza kunicheka, hapo ndio nitatoa kalamu."